Baba Hatalala kwa Wageni

Ghislaine Veilleux alikuwa na jambo moja tu la kumwomba kaka yake siku ile ya Pasaka, na alilifanyia mazoezi njia nzima, huku gari likiserereka kwenye tope la theluji iliyoanza kuyeyuka. "Normand, nipe wiki moja kila mwezi." Basi. Hataki shukrani, hataki pole, hataki keki. Kando yake alikaa baba yao, mzee Rosaire, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, anauliza tena wanakwenda wapi.

"Kibandani, Baba. Kwenye sirapu."

"Kwa nani?"

"Kwako mwenyewe. Siku hizi anapika Normand."

"Normand ni nani?"

"Mwanao."

"Loo! Kumbe nina mtoto?" Mzee akacheka kwa furaha ya kweli. "Na wewe je, bibie, wewe ni nani?"

Ghislaine aliuma meno. Alikuwa ameyauma mno miaka hii mitatu, hata gego moja likapasuka, na hakupata siku ya kwenda kuling'oa kwa sababu nani angebaki na mzee? Tangu mama yao azikwe, ni yeye aliyerudi kuishi kwenye nyumba ya baba huku mashambani Beauce. Analala na viatu miguuni, maana mzee huamka akatoka nje na chupi kwenye baridi ya kuua ng'ombe. Anamwosha huku akitukanwa matusi ya nguoni. Anaficha visu, anaficha viberiti, anaficha funguo, kisha anasahau yeye mwenyewe alikoficha. Marafiki walikuja mwanzoni, wakala, wakasema pole, wakapotea. Kwaya aliacha. Kazi ya maktaba aliacha. Kaka na dada? Kaka na dada walituma kadi za Krismasi.

Mireille, afisa ustawi wa jamii, alikuwa amemkalisha kitako jikoni akamwambia waziwazi: "Ghislaine, pumzika kabla hujaanguka. Ukishaanguka hutapumzika, utalazwa." Akamtafutia nafasi katika nyumba moja mjini inayopokea wazee wenye ugonjwa wa kusahau kwa wiki moja moja, ili wanaowatunza walale kama watu. Nafasi ilikuwapo. Lakini jibu lilitakiwa kesho, na jibu halikuwa la Ghislaine. Mzee alipokuwa bado na akili zake aliyaweka mambo yake yote mikononi mwa mtoto wa kiume wa kwanza, kama walivyofanya Veilleux wote waliomtangulia. Kwao binti ndiye anayeosha, mtoto wa kiume ndiye anayeamua. Bila neno la Normand, mlango ule haufunguki.

Na kulikuwa na jambo la Jumatano iliyopita. Hilo alilijua Mireille peke yake. Tangu Jumatano Ghislaine hakuogopa tena kuanguka, aliogopa mikono yake mwenyewe.

Walipofika, mvuke mweupe ulikuwa unatoka juu ya paa la kibanda kwa wingi, maana usiku uliganda na mchana ukapata joto, na hali ya hewa ya namna hiyo ndiyo inayoitoa miti ya mepo maji yake matamu, yale yanayochemshwa yakawa sirapu. Ndoo zilizotundikwa mitini zilikuwa zinafurika. Ghislaine alimshusha mzee kwa shida, huku mzee akimtukana "mwizi wewe" na kumkanyaga makusudi. Halafu mlango wa kibanda ukafunguliwa, ukoo mzima ukapiga kelele, na mzee akapona.

Ndiyo, akapona. Ndivyo walivyo wagonjwa wa namna hii, na anayebisha abishe: wakiona wageni wanavaa akili zao za sikukuu. Mgongo ulinyooka. Kofia ilivuliwa. "Heri ya Pasaka, watu wangu!" akanguruma, akapita anabusu mashavu ya kila mtu. "Mrembo wangu! Kijana wangu mkubwa! Ee, huyu naye amekua lini?" Hakumtaja mtu hata mmoja kwa jina. Ghislaine pekee ndiye aliyeliona hilo.

Walikaa mezani. Supu ya dengu, paja la nguruwe, maharage yaliyookwa, mayai yaliyoiva ndani ya sirapu, na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka. Mzee alikula kwa uma bila kuangusha kitu, mzee yule yule aliyelishwa kijiko kwa kijiko asubuhi. Baada ya supu akachukua vijiko viwili, akaviweka kati ya vidole, akaanza kuvigonga pajani kwa mdundo wa ngoma za zamani, wajukuu wakapagawa. Huguette, dada yao mdogo, aliyekuja kutoka mji wa Laval na manukato ya kutosha msiba mzima, alisimama juu ya benchi anampiga picha.

"Ghislaine, na wewe!" akasema aliposhuka. "Kwenye simu ulinitisha, nikadhani nakuja kwenye matanga."

"Ndivyo anavyokuwa mbele ya watu."

"Basi mweke mbele ya watu!" Huguette akacheka, na wa upande wake wakacheka naye.

Ghislaine aliona asiposema sasa hatasema tena. Akamgeukia kaka yake, jitu zima la mikono mipana, ndevu zimetapakaa mafuta ya nguruwe.

"Normand, nipe wiki moja kila mwezi."

"Wiki ya nini?"

"Ile nyumba niliyokwambia. Baba akae wiki moja, mimi nilale. Wiki tatu nakaa naye mimi. Wanataka jibu lako kesho."

Normand alifuta mdomo polepole. "Umemwona Baba leo?"

"Mimi namwona kila siku. Wewe ndiye unamwona leo."

"Huyu," Normand akasema, akimwonyesha kwa kisu mzee anayegonga vijiko, "huyu ndiye unataka kwenda kumtupa?"

"Nimesema kulala. Sikusema kutupa."

"Baba hatalala kwa wageni. Bibi alifia kitandani kwake. Babu alifia kitandani kwake. Hakuna Veilleux aliyewahi kuoshwa makalio na mtu wa mshahara."

"Nani alimwosha Bibi?"

"Nitajuaje mimi? Mama."

"Na Babu?"

Normand akajipakulia maharage ambayo hakuyahitaji.

"Mama," Ghislaine akajibu mwenyewe. "Mama akamwosha mama mkwe, akamwosha baba mkwe, akamwosha na huyu alipoanza. Kisha akafa yeye, na aliyeoshwa yuko hapo anacheza ngoma. Jiulize."

"Mwache Mama apumzike," Huguette akaingilia, sauti imebadilika. "Na tuseme ukweli mbele ya wote. Umekaa kwenye nyumba ya familia bure, umeme bure, kuni bure, halafu unalia. Wenzako tunapanga."

"Chukua." Ghislaine aliuchomoa ufunguo wa nyumba akauangusha kwenye sahani ya dada yake, ukazama ndani ya maharage. "Hamia leo. Nguo nitakukunjia mimi."

"Nina kazi yangu, bibi wewe!"

"Na mimi nilikuwa nayo."

"Unatia chumvi! Tangu utotoni unatia chumvi. Ukikatwa na karatasi, ilikuwa lazima padri aitwe!"

Watu wakacheka tena. Mzee naye akacheka, tena kuliko wote, bila kujua wanacheka nini. Hilo ndilo lililomkata Ghislaine maini.

Normand akasimama, amepata wazo, na wazo likimwingia Normand hakuna wa kulitoa. "Mnataka kujua kama Baba amekwisha? Njoni. Baba! Inuka, njoo upike."

Ukoo mzima ukahamia upande wa pili wa kibanda, kwenye karai. Karai lile lilikuwa refu kuliko kitanda, la chuma cha pua, jipya, Normand alilipenda kuliko mkewe na mkewe alijua. Chini yake moto wa kuni unanguruma, juu yake bomba kutoka kwenye tangi linaleta maji ya miti bila kukoma, na maji yanachemka, yanapungua, yanageuka. Kipande cha mafuta ya nguruwe kinaning'inia kwa kamba, povu likipanda likakigusa linashuka. Anayepika hapo haondoki. Hata nyumba yake ikiungua, atawaambia wengine wakazime. Hiyo ni sheria ya wapika sirapu wote, nao huwafundisha watoto kabla hawajawafundisha kusali.

Mzee Rosaire alisimama mbele ya mvuke ule, akanusa. Akachukua upawa mpana, akauchovya, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Matone yakaanguka moja moja. "Bado," akasema. Akaongeza kuni mbili, akachagua zipi. Akasubiri. Akachovya tena, na safari hii sirapu haikudondoka, ilitanda kwenye ukingo wa upawa mithili ya kitambaa chembamba, ikaning'inia. "Sasa! Fungua!"

Normand akafungua koki ya karai, sirapu ikamiminika rangi ya dhahabu, akaionja, machozi yakamlengalenga. Watu wakapiga makofi hadi vikombe vikatikisika.

"Yuko wapi mgonjwa?" Normand akauliza, akigeuka huku na huku. "Jamani, mgonjwa yuko wapi? Nionyesheni!"

"Mikono ndiyo inayokumbuka, Normand. Kichwani hamna kitu."

"Kichwani kwa nani?"

Wakaangua kicheko. Ghislaine aliwachukia. Tuseme lilivyo: aliwachukia wote, na wa kwanza kumchukia alikuwa mzee, kwa kung'aa mbele yao namna ile na kumwachia yeye peke yake yale mengine. Wiki yake ilikuwa imekwenda. Alijua akirudi na mzee leo bila ndiyo ya Normand, yale ya Jumatano yatarudi, na yakirudi yatakuwa makubwa zaidi.

"Vizuri," akasema. "Mzima, sivyo? Kaeni naye hadi jioni. Mimi nakwenda kulala garini."

"Siku ya Pasaka?" Huguette akashika kifua.

"Hata Yesu alilala kwanza ndipo ikawa Pasaka. Sasa nisikilizeni. Jua likianza kushuka atataka kwenda kukamua ng'ombe. Ni kila siku. Msimbishie, msimcheke, msimwache peke yake. Na msimwache na moto."

"Ng'ombe waliuzwa nikiwa shuleni," Normand akasema.

"Mwambie yeye."

"Nenda kalale, Mtakatifu Ghislaine!" Normand akamfungulia mlango na kuinama kama mhudumu wa kanisani. "Mfiadini wetu! Tutakuchongea sanamu!"

Vicheko vikamsindikiza nje. Alilaza kiti cha gari, akajifunika koti la mzee, na kabla hajamaliza kumlaani Normand usingizi ukambeba.

Aliamshwa na harufu. Kila mtu wa Beauce anaijua harufu ile na hakuna anayeitamka bila kutema mate: sukari inayoungua. Akatazama juu ya paa. Mvuke mweupe haukuwapo, kulikuwa na moshi mweusi mzito. Alipofungua mlango wa gari tayari alikuwa anakimbia.

Nyuma ya kibanda watoto walikuwa wamesimama kwenye theluji, vijiti mikononi, sirapu ngumu imewaganda mdomoni. Hapo akaelewa lililotokea, na baadaye alilithibitisha. Watoto walimwita Normand aje awamwagie sirapu ya moto kwenye theluji, wazungushe kwa vijiti wale. Huguette alitaka picha za hilo. Normand akamwambia mzee, "Shika hapo, Baba, nakuja," akatoka. Yeye, mpika sirapu, aliondoka kwenye karai. Na jua likaanza kushuka.

Zamani mzee alikuwa na mambo mawili ya kufanya kabla ya kwenda kukamua. La kwanza, anaacha moto ufe. La pili, anafunga bomba la tangi. Alasiri ile alikumbuka la pili. Moto aliuongezea kuni, vizuri kabisa, kwa uaminifu wote. Karai likabaki juu ya ndimi za moto bila tone jipya la maji.

Ndani hakukuonekana kitu. Milango yote miwili ilikuwa wazi, watu wanakohoa, wanatupia theluji kwenye jiko. Karai lilikuwa limepindika, maungio yameachia, chini yake kumeganda kitu cheusi kinachochemka povu. Nje ndoo zinafurika, tangi limejaa, msimu uko katikati ya mbio zake, na hakuna cha kupikia.

Mbele ya karai alisimama mzee, koti la mtu mwingine limefungwa vifungo upande, ndoo mkononi. "Nimechelewa kukamua," alikuwa anasema. "Mnaninyima njia, nimechelewa."

Normand alikuwa amemkamata mkono juu ya kifundo. Anamtikisa. Jitu zima linamtikisa mzee wa kilo hamsini, ndoo inagongana na goti.

"Unajua umefanya nini wewe? Unajua? Karai langu! Msimu wangu! Zee jinga, unajua umefanya nini?"

"Hajui," Ghislaine akasema. "Mwachie."

"Nyamaza wewe!"

Mzee alikuwa amefumba macho. Mabega yamepanda hadi masikioni, kidevu kimeingia kifuani, anangoja pigo. Ghislaine aliujua uso ule. Alikwisha kuuona Jumatano, ukimwogopa yeye.

"Mwachie mkono, Normand."

"Ulikuwa wapi?" Normand akamgeukia, lakini mkono hakuachia. "Ulikuwa wapi, ee? Una kazi gani nyingine duniani? Kazi yako ni kumwangalia Baba, moja tu, na hiyo nayo imekushinda!"

Mtu mwingine angemrukia. Ghislaine naye alidhani atamrukia. Badala yake alisogea, akashika kidole gumba cha kaka yake, akakibandua kwenye mkono wa mzee, kisha cha pili, kisha cha tatu, bila haraka. Akaupandisha mkono wa shati la mzee. Alama za vidole vya Normand zilikuwa zimekaa pale, nyekundu. Na kando yake kulikuwa na nyingine, ndogo, zimeshageuka manjano.

Huguette alikuwa amesogea, wanja umemchuruzika kwa moshi. "Hizi za zamani," akasema. "Hizi ni za nani?"

"Zangu."

"Nini?"

"Zangu. Jumatano. Alikataa kuvaa soksi. Nikambembeleza, akanitemea mate usoni. Nikamkamata hapo hapo alipomkamata Normand, nikabana, na nikafurahi. Nisikilize vizuri, Huguette, maana sitarudia: nilifurahi. Halafu akaufanya uso huo mnaouona, nikakimbia kujifungia chooni, nikampigia Mireille simu. Siombi wiki kwa sababu nimechoka. Kuchoka nimekuzoea. Naomba kwa sababu safari nyingine sitaachia."

Mke wa Normand akaanza kuwatoa watoto mlangoni.

"Unampiga Baba," Huguette akasema. "Umekaa mezani unakula nasi, kumbe unampiga Baba. Nitakushitaki, Ghislaine. Haki ya Mungu nitakwenda polisi."

"Nenda. Na ukifika mshitaki na huyu. Mimi nilichukua miaka mitatu kufika hapo. Yeye amechukua mchana mmoja, tena ameshiba."

Normand alikuwa anautazama mkono wake. Aliufungua, akaufunga, akauficha mfukoni.

"Sikukusudia," akasema.

"Wala mimi."

"Karai tu... Nilipoliona karai..."

"Mimi ilikuwa soksi, Normand. Angalau wewe ulikuwa na karai."

Normand aliketi juu ya kuni. Akakitazama kile kitu cheusi kinachotoa povu. Kisha akasema bila kuinua kichwa, kwa sauti ya chuki tupu: "Mpeleke. Mpeleke kwenye hiyo nyumba yako. Kesho nitawapigia simu mwenyewe. Wiki moja, wiki mbili, akae huko hata mwaka. Mtoe tu hapa, nisimwone."

Ndiyo ikapatikana. Ilikuwa ndiyo ile ile aliyoifanyia mazoezi garini, na Ghislaine hakuona raha yoyote. Alikwenda kwenye gari, akarudi na begi la mzee, akaliweka miguuni pa kaka yake.

"Wanampokea Jumatano," akasema. "Leo, kesho na keshokutwa yuko kwenu."

"Umerukwa na akili?" Normand akainuka. "Umeona nilichomfanya, halafu unaniachia?"

"Nakuachia kwa sababu na wewe umekiona. Jana hukukijua. Nepi ziko chini, dawa ziko mfukoni, nimeandika juu ya kila chupa. Huguette anabaki."

"Mimi narudi Laval leo!" Huguette akadakia.

"Utarudi Jumatano. Wewe si umesema Baba ni mzima? Kaa na mzima wako. Mkiwa wawili, mmoja mkono ukianza kumwasha, anamwita mwenzake na anatoka nje. Anatoka kabla, Normand, si baada. Anakaa nje hata kama kuna theluji, hadi apoe. Hakuna anayesubiri kuona kama atavumilia. Mimi nilisubiri kuona, na mmeona nilichokiona."

"Na polisi?" Huguette akanong'ona, lakini ule moto wa mwanzo haukuwamo tena.

"Simu unayo. Umeishika mchana kutwa."

Ghislaine akageuka kuondoka. Alikuwa ameshafika mlangoni Normand alipoguta nyuma yake, kwa hasira, kama anayemtupia kiatu: "Haya, na asubuhi anakula nini? Unaondoka tu? Asubuhi anakula nini?"

Ghislaine alisimama, ameshika fremu ya mlango. Miaka mitatu alipigiwa simu za heri na simu za lawama, akaambiwa anywe chai ya majani, asali, afanye mazoezi ya kupumua. Swali hilo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

"Uji wa shayiri," akasema. "Maziwa yasiwe moto. Mketishe karibu na dirisha na usimharakishe. Akisema hataki, ondoka, urudi baada ya muda na bakuli lile lile, atadhani ni jipya."

"Bakuli lile lile," Normand akarudia, kama mwanafunzi mkaidi.

Mzee Rosaire alikuwa amemfuata hadi pale mlangoni, ndoo ameiacha. Alimshika Ghislaine mkono wa koti, akamvuta karibu, akazungumza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu mwenye adabu anayesema habari za mwenye nyumba.

"Bibie, samahani. Yule kijana pale ana hasira sana. Hana mtu wa kumsaidia?"

Ghislaine alimtazama Normand, amesimama kati ya moshi, begi la nepi miguuni, mkono bado mfukoni.

"Hakuwahi kuwa naye, Baba," akasema. "Alidhani hamhitaji."

"Masikini," akasema mzee. Akaachia koti, akarudi ndani kumtafuta yule kijana.